Anayetafuta kazi yoyote hasaidiki

Ujumbe huwa unafanana. Huanza na salamu ndefu, huulizia watoto, kisha hufika kwenye shida yenyewe: "Kaka, huku mambo magumu. Ukisikia nafasi yoyote usinisahau." Ukimuuliza nafasi ya aina gani, hujibu upesi kana kwamba swali lenyewe lina dharau ndani yake: "Yoyote tu, kaka. Mimi sichagui kazi." Husema hivyo akiamini amekurahisishia, kumbe amekufunga mikono. Siku itakapotajwa ofisini kwenu kuwa anatafutwa mtu wa nyaraka za forodha, jina lake halitakujia. Litakujia la yule binti aliyekwambia mwaka jana kwamba anataka kazi kwa wakala wa forodha, bandarini au uwanja wa ndege, na kwamba yuko tayari kuanzia chini ilimradi afundishwe. Wote wawili walikuomba msaada, ila mmoja tu ndiye aliyekupa kitu cha kukumbuka.

Nataka kutetea jambo ambalo kwa mazingira yetu linasikika kama anasa: kwamba kabla mtu hajaanza kutafuta kazi mpya, akae kwanza aamue anataka nini. Sizungumzii ndoto za utotoni, wala ile hadithi ya kufuata moyo wako na pesa zitakufuata. Nazungumzia masharti. Kiasi gani kiingie mkononi, kazi iwe wapi, ichukue saa ngapi za siku yako, uwe chini ya mkubwa wa namna gani, na baada ya miaka mitatu uwe unajua kufanya nini ambacho leo hukijui. Mwenye masharti yake kichwani hutuma maombi machache lakini yenye uzito, husaidiwa kwa urahisi, na akikosea hujua amekosea wapi.

Jibu la haraka nalijua: nani ana nafasi ya kuchagua katika nchi hii? Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipoita watu kwenye usaili wa nafasi 70, walijitokeza zaidi ya 10,000, na usaili ukafanyiwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, watu wamejaa majukwaani kama siku ya mechi ya watani wa jadi. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na maombi yakapita laki moja. Mtu aliyesubiri kwenye umati wa namna hiyo ukimwambia achague, atakujibu kwa methali tuliyolelewa nayo sote: mchagua jembe si mkulima.

Methali hiyo naiheshimu, lakini tunaitumia vibaya. Inamsema mvivu anayechelewesha kulima kwa kisingizio cha jembe. Haimsemi anayeuliza shamba liko wapi, litalimwa msimu mzima au wiki moja, na mavuno yatakuwa ya nani. Mkulima yeyote wa kweli huyauliza hayo kabla hajakunja suruali.

Na zile takwimu za umati, ukizitazama vizuri, zinanipa hoja mimi. Umati hukusanyika mahali ambapo kila mtu ameomba kwa sababu kila mtu ameomba. Muulize mmoja wao kwa nini anaitaka kazi ya kodi. Atakutajia mshahara, uhakika wa ajira na heshima ya mtaani. Kazi yenyewe, ya kukaa na vitabu vya mfanyabiashara asiyetaka kukuona, ataitaja mwisho, kama ataitaja. Si vibaya kuomba nafasi hizo. Vibaya ni kuzifanya kuwa mpango wako pekee, ukakaa mwaka mzima unasubiri tangazo lijalo huku ukijiita mtafuta kazi.

Hapa lazima tutenganishe watu wawili. Yupo asiye na kipato kabisa, ambaye kodi ya chumba imeisha na mama kijijini anapiga simu. Huyo kazi ya kwanza inayolipa kwa halali aichukue, na asisikilize mwandishi wa gazeti. Hata yeye, hata hivyo, anahitaji mpaka mmoja: yapi hatayakubali. Maana wanaompenda zaidi mtafuta "kazi yoyote" ni matapeli. Ndiye anayelipa hela ya fomu kwa kampuni isiyo na ofisi. Ndiye anayepanda ndege kwenda kwenye kazi ambayo hakuuliza ni ya nini. Wakenya na Waganda wameokolewa kutoka makambi ya utapeli wa mtandaoni huko Myanmar baada ya kuahidiwa ajira nzuri Thailand. Mtu aliyeuliza "nitafanya nini hasa, kwa mkataba wa nani, na pasi yangu ya kusafiria atakaa nayo nani" si rahisi kumpakia.

Wa pili ni yule mwenye kazi tayari, ila amechoka. Ndiye ninayemwandikia zaidi, kwa sababu ana kitu ambacho wa kwanza hana, nacho ni muda. Mshahara wake mdogo unaingia kila mwezi, na kila mwezi unaoingia unamnunulia siku thelathini za kufikiri. Wengi wetu tunazipoteza siku hizo kwa kununa ofisini mchana na kutuma wasifu usiku kwa kila tangazo linalopita kwenye kundi la WhatsApp.

Kwa nini swali la "unataka nini" linatuwia gumu? Sehemu ya jibu iko kwenye historia yetu. Baada ya Uhuru taifa lilikuwa na wasomi wa kuhesabika, na serikali ndiyo iliyowasomesha. Aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970 hakuandika barua thelathini za maombi, alipangiwa. Mwalimu wa Kilimanjaro alijikuta Lindi, daktari wa Bukoba akajikuta Mbeya, na maisha yakaanza. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, ambayo chini yake asiye na kazi mjini aliweza kukamatwa na kupelekwa kijijini akalime. Kwenye dunia hiyo swali lilikuwa moja tu, una kazi au huna. Ipi, halikuulizwa.

Kisha ikaja miaka ya 1990, mashirika ya umma yakabinafsishwa au kufungwa, na wazazi waliodhani wamefika wakarudi nyumbani na barua za kupunguzwa. Walichojifunza hapo ndicho wanachotuambia mpaka leo: tafuta ya serikali, mwanangu, hata kama mshahara mdogo. Ushauri huo si wa kubezwa. Umetoka kwa watu walioona meza zao zikipigwa mnada. Lakini walichotupa ni jibu lao kwa hofu yao. Sisi tunalichukua kama lilivyo, bila kujiuliza kama uhakika wa ajira ndicho kitu cha kwanza tunachokitaka, na kama ndicho, tuko tayari kukilipia bei gani.

Maana kina bei. Anayeomba kupitia Sekretarieti ya Ajira ajue kwamba akifaulu usaili anaweza kuwekwa kwenye kanzidata akisubiri nafasi, na ikipatikana anapangiwa kituo. Kituo kinaweza kuwa Kaliua au Ludewa. Kuna mtu atakayekwenda Ludewa akajenga, akalima, akawa mtu wa maana kwenye wilaya ile. Na kuna atakayeripoti Jumatatu, kisha Jumanne akaanza kuulizia uhamisho. Wote wawili walisema wanataka kazi ya serikali. Wa kwanza alikuwa ameamua; wa pili alitaka Dar es Salaam na hakujiambia.

Tuje kwenye pesa, kwa kuwa ndipo watu wengi wanaposema wameshaamua. "Mimi nataka mshahara mkubwa, basi." Haya, tuuhesabu.

Chukua mhasibu kijana aliyeko Morogoro kwenye kampuni binafsi, mshahara wa msingi 800,000, mwenye deni la masomo la Bodi ya Mikopo. Kabla hajaona senti, mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unachukua asilimia 10, yaani 80,000. Kodi ya mapato inakokotolewa kwenye 720,000 zilizobaki: 270,000 za kwanza hazina kodi, 250,000 zinazofuata zinakatwa asilimia 8, na 200,000 za mwisho asilimia 20. Jumla 60,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000. Mkononi anapata 540,000.

Sasa anaitwa Dar es Salaam kwa 1,500,000. Karibu mara mbili, nyumbani wanashangilia. NSSF 150,000. Kodi, kwa kuwa sasa amevuka milioni na kila shilingi ya juu yake inakatwa asilimia 30, inafika 233,000. Bodi ya Mikopo 225,000. Mkononi 892,000. Barua ya ajira ilionyesha nyongeza ya 700,000. Mfukoni imeingia 352,000. Nusu yake imeishia njiani, na hakuna aliyemwibia.

Tuendelee. Nyumba ya 150,000 Morogoro, tuseme ya namna hiyo hiyo Dar inakuwa 300,000. Zimebaki 202,000. Nauli za daladala mbili kwenda na kurudi, pamoja na chakula cha mchana alichokuwa akirudi kula nyumbani, tuweke 120,000. Zimebaki 82,000. Mtoto wake alikuwa akiangaliwa na shangazi mtaa wa pili. Dar hana shangazi, na dada wa kazi anataka 80,000. Zimebaki elfu mbili. Na kabla ya kuzipata hizo elfu mbili, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali anataka ya mwezi mmoja, yaani 2,100,000, kabla mshahara wa kwanza haujatoka.

Je, asiende? Hapo ndipo uamuzi unapoingia. Kama kilichomvuta ni pesa, elfu mbili hazistahili kuhamisha familia. Lakini kama anataka kumaliza mitihani ya bodi ya wahasibu na kampuni hiyo inampa muda na watu wa kumfundisha, au kama huko anakokwenda atafanya ukaguzi wa hesabu za kampuni kubwa badala ya kuandika vocha, basi aende, na aende akijua anachokinunua. Miezi ya mwanzo itakapombana hatasema amedanganywa. Mshahara ule ule, nyumba ile ile, dada wa kazi yule yule. Anayejua kwa nini amekuja atavumilia, asiyejua atamlaumu mwajiri, mke na jiji zima.

Uhakika wa ajira nao unahesabika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mfanyakazi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, ila kinga hiyo haimhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita. Maana yake, mtu mwenye miaka minane kazini anapohama anarudi kuwa mgeni, na kwa nusu mwaka anaweza kuonyeshwa mlango bila kinga ile aliyokuwa nayo jana. Anayeacha kazi kwa hiari yake pia asitegemee fao la kukosa ajira. Limewekwa kwa aliyepoteza kazi, si kwa aliyeiacha. Na anayetoka serikalini kwenda sekta binafsi akumbuke kwamba kwenye PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, mwajiri alimchangia asilimia 15 na yeye asilimia 5, wakati kwenye NSSF kwa kawaida ni 10 kwa 10, na kwamba pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya miezi 180. Mwenye miaka kumi na mbili ya michango asihame kabla hajauliza kwa maandishi michango hiyo itahesabiwaje. Hakuna lolote kati ya haya linalomkataza mtu kuhama. Yanamtaka tu aseme kwa sauti: nahatarisha hiki ili nipate kile.

Mwaka 2025 ulitupa funzo lenye machungu. Mwezi Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la maendeleo, USAID, lilikuwa limefungwa rasmi. Huku kwetu, watu waliokuwa kwenye miradi ya VVU, kifua kikuu na lishe walipewa barua za kusitisha kazi, wengi wao watu wa kazi kweli kweli. Walioumia zaidi ni waliokuwa wamehesabu mkataba wa mradi kama ajira ya kudumu, wakachukua mikopo mirefu juu ya bajeti iliyopitishwa Washington.

Sasa wanatafuta upya, na wengi wanatafuta kitu kile kile: mradi mwingine, cheo kile kile, posho zile zile za safari. Kwa wakati huu hasa, swali la nini ulikitaka kwenye kazi ile lina thamani kuliko wasifu. Muuguzi aliyekuwa kwenye mradi alipenda kuwafuatilia wagonjwa majumbani, au alipenda gari na posho? Kama ni wagonjwa, hospitali ya wilaya, zahanati ya dhehebu na duka la dawa vyote vinamhitaji, kwa fedha pungufu. Kama ni posho, hana haja ya kuona aibu, ila ajue posho ya namna ile itapatikana kwenye sekta nyingine pia, na asikae miaka miwili mlangoni mwa mashirika yaliyobaki.

Kuna jambo jingine watu hawapendi kulikubali. Wengi wanaosema wanatafuta kazi, ukichunguza, wanamkimbia mtu. Ni meneja anayewafokea mbele ya wateja, au msimamizi anayechukua kazi zao na kuziwasilisha kwa jina lake. Kumkimbia mtu wa namna hiyo ni haki yako. Shida ni kwamba anayekimbia hutazama nyuma, hatazami anakokwenda, na mlango wowote ulio wazi humfaa. Jipime hivi: mkubwa wako akihamishiwa Mwanza kesho asubuhi, bado utataka kuondoka? Ukijibu hapana, basi kazi unaipenda, na pengine unachohitaji ni kuhamia idara nyingine au kusubiri mkataba wake uishe. Ukijibu ndiyo, vizuri, sasa anza kueleza kwa nini bila kumtaja yeye. Ukishindwa kueleza, hujawa tayari.

Namna nzuri ya kuanza kueleza ni kuitazama wiki iliyopita, siyo cheo kilichoandikwa kwenye barua. Jumatatu ulifanya nini saa tatu asubuhi? Kazi ipi uliifanya ukashtuka mchana umeingia? Ipi uliisukuma mpaka Ijumaa jioni, na ingewezekana ungeisukuma mpaka mwakani? Afisa miradi anaweza kugundua kwamba anachukia kuandika ripoti, ambazo ni nusu ya kazi yake, ila akisimama mbele ya kikundi cha wakulima kuwafundisha hachoki. Huyo akiomba kuwa meneja wa miradi, kwa sababu ndicho cheo kinachofuata, amejiombea ripoti zaidi na wakulima wachache. Na wapo wanaotamani umeneja bila kutaka hata kidogo shughuli yenyewe, ambayo ni kuketi na mtu mzima na kumwambia kazi yake hairidhishi. Wanachotaka ni mshahara wa umeneja, na mshahara huo wakati mwingine upo kwenye ujuzi bila kusimamia mtu.

Muda nao ni mali. Sheria imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, lakini haina lolote la kusema kuhusu saa unazokaa njiani. Anayeishi Gongo la Mboto na kufanya kazi Masaki, akitumia saa mbili kwenda na mbili kurudi, kwa siku tano ametumia saa 20 akiwa amesimama kwenye daladala. Karibu nusu ya wiki nyingine ya kazi, isiyolipwa. Kazi inayolipa pungufu kidogo ila iko karibu na nyumbani inaweza kuwa na malipo makubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, hasa kwa mwenye watoto wa shule au mwenye biashara ndogo ya jioni.

Kwetu sisi, tena, mtu haamui peke yake, na wanaodai ajiangalie yeye kwanza hawazijui nyumba zetu. Mshahara una wenyewe: kuna ada ya mdogo wake, dawa za presha za mama, mchango wa kikoba na mkopo wa benki unaokatwa mshaharani. Mwenza naye ana kazi na ndugu zake. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma moja kwa moja, kuna ndoa nyingi zinazoishi kwa mwisho wa wiki, baba Dodoma, mama na watoto Dar. Treni ya mwendokasi iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imefupisha safari. Haijaondoa swali la nani anamsaidia mtoto hesabu za darasa la nne siku ya Jumatano. Wanandoa walioketi wakakubaliana kwamba itakuwa miaka miwili, kisha mmoja atahama, wana mpango. Waliosema "tutaona mbele ya safari" wana nauli tu.

Kushirikisha familia, hata hivyo, si kuikabidhi uamuzi. Mzee anapenda awaambie wenzake baada ya swala au misa kwamba kijana wake yuko benki. Ni furaha halali, na mtoto mwema angependa kumpa. Lakini yeye ataisema sentensi hiyo mara moja kwa wiki, nawe utakaa kwenye dirisha la malipo siku sita. Mahitaji ya nyumbani yaingie kwenye hesabu zako kama namba. Sifa za mtaani zipime kwa namna nyingine.

Baada ya kuyapitia haya, andika. Karatasi moja inatosha. Mambo matatu yasiyojadiliwa, yasizidi matatu, maana mwenye masharti kumi hana sharti. Machache unayoyapenda lakini unaweza kuyaacha. Na yale usiyoyakubali hata kwa dau kubwa. Kisha, kabla ya kutuma ombi hata moja, nenda kamtafute anayeifanya kazi unayoitaka. Aliyeitangaza atakusifia, anayeifanya atakwambia ukweli ukimnunulia chai. Muulize mshahara hutoka tarehe ngapi, na kama tarehe hiyo huwa ni ya kweli. Muulize aliyekuwa kwenye kiti hicho alikwenda wapi. Muulize Jumatatu yake inafananaje. Nusu saa ya mazungumzo hayo inaweza kuyafuta maombi yako kumi, na hiyo ni faida.

Faida nyingine utaiona kwenye chumba cha usaili. Likija lile swali la "unatarajia mshahara wa kiasi gani," asiyeamua huangalia chini na kujibu "kulingana na viwango vya kampuni." Amewaachia waamue, na wataamua kwa upande wao. Aliyepiga hesabu kama ya yule mhasibu ana namba, anajua ya chini kabisa ni ipi, na anaweza kuuliza kwa adabu: hiyo ni kabla ya makato au baada, bima ya afya inachukua wategemezi wangapi, kipindi cha majaribio ni miezi mingapi na nitapimwa kwa kigezo gani. Na wakimuuliza kwa nini anaacha alipo, hataanza kumsema bosi wake. Atasema anachokifuata.

Itatokea pia kwamba umekaa, umeandika, umeuliza, na ukagundua kazi uliyonayo inakupa mawili kati ya matatu uliyoyataka, na la tatu unaweza kuliomba. Nenda kaliombe. Kubaki baada ya kufikiri ni uamuzi kamili, na ofisi ile ile humwelemea kidogo zaidi aliyejikuta tu yupo kuliko aliyeamua kuwepo. Mwingine atagundua haitaki ajira kabisa, anataka mtaji. Bora alijue hilo sasa, wakati mshahara bado unaingia na benki bado inamsikiliza.

Wala karatasi hiyo si hati ya kiapo. Mtu wa miaka 26 na yule yule akiwa na miaka 40 hawataki kitu kimoja. Soko litakukatalia mengi, na sharti moja au mawili utalazimika kuyalegeza. Lakini atakayelegeza sharti ni yule aliyekuwa nalo. Asiye na sharti hawezi hata kujua amepoteza nini kwenye makubaliano.

Na kama bado unaona kuchagua ni kiburi, soma tena tangazo lolote la kazi. Mwajiri ameandika shahada gani anataka, uzoefu wa miaka mingapi, umri usizidi mingapi, lugha zipi, kituo kipi, na siku ya mwisho ya kupokea maombi. Hakuandika kwamba anatafuta mtu yeyote. Amekaa kikao, amepiga hesabu zake, anajua kiasi cha juu atakacholipa na yapi hatayakubali, na hakuna anayemwita mwenye kiburi. Katika mazungumzo ya watu wawili ambapo mmoja anajua anachotaka na mwenzake hajui, tofauti hulipwa na asiyejua, na huilipa kila mwisho wa mwezi.